Siku Niliyoifungua Baiskeli ya Mita

Ilikuwa mwaka themanini na sita. Hapana, nimekosea, ngojeni kidogo. Mwaka themanini na sita mimi nilikuwa bado natandika gunia langu kwenye kibaraza cha duka la vyuma, na mwenye duka akiamka vibaya ananihamisha. Haya ninayoyasimulia yalitokea ndani ya kibanda changu mwenyewe, cha mabati, chenye nguzo ya chuma katikati, na kibanda hicho nilikipata themanini na saba. Basi ni themanini na saba. Kama si huo ni mwanzo wa themanini na nane, lakini zaidi ya hapo sikubali.

Ile nguzo ya chuma msiisahau, maana ina kazi huko mbele. Kila baiskeli niliyomaliza kuitengeneza niliifunga kwenye nguzo hiyo kwa mnyororo na kufuli, mpaka mwenyewe aje kuichukua.

Nataka kumsema mwanamke mmoja aliyekuwa msoma mita wa idara ya maji. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, tena zuri, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mita. Hata mumewe alimwita Mita akiwa amefurahi, na mama watoto akiwa na shida.

Mita za maji wakati ule zilikaa ndani ya vishimo mbele ya nyumba, vimefunikwa kwa mifuniko ya chuma. Mita alikuwa na ndoano yake ya waya ya kuinulia mfuniko. Humo ndani utakuta tope, chura, siku nyingine nyoka. Yeye anapiga goti, anapangusa kioo kwa kitambaa alichokifunga kwenye kifundo cha mkono, anaisoma namba kwa sauti mara mbili, anaiandika kwenye daftari, kisha anaisoma tena ile aliyoiandika. Watoto walidhani anasali. Wakubwa wakimwona anakuja na baiskeli yake wanaitana, "Mita huyo! Amekuja kutusomea dhambi zetu!" Naye anajibu bila kugeuza shingo, "Zako nimeishiwa karatasi."

Namba asiyoiona kwa macho yake hakuiandika. Siku moja ya mvua alikuja kusoma mita ya pale nyuma ya kibanda changu. Nikamwambia, dada, usijiloweshe, nimeiangalia sasa hivi, andika mia nne na kumi. Akanitazama huku maji yanamchuruzika puani.

"Fundi, wewe ukiambiwa tairi lina upepo, unalipanda bila kulibonyeza?"

Akaenda akapiga goti kwenye matope. Ilikuwa mia nne na kumi na moja.

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mmoja akiwa kibarua. Kila mwisho wa mwezi kazi yake inakufa, kila mwanzo wa mwezi inafufuka, na yeye anaishi katikati hapo akisubiri kama itafufuka tena. Mumewe alikuwa mpaka rangi. Alianguka ngazini akipaka ukuta wa ghala, nyonga ikakaa vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa fimbo. Chumba chao nilikifahamu kwa sababu niliwahi kuwapelekea kitanda kwenye karia ya baiskeli, mbao kwa mbao. Kilikuwa chumba kimoja na pazia katikati, na kuta nne zina rangi nne, kila moja mabaki ya kazi fulani aliyoifanya mwenye nyonga wakati bado anapanda ngazi. Alikuwa anasema, "Karibu, chagua ukuta wa kutazama."

Hospitali walisema nyonga inapasulika na mtu akatembea. Gharama yake ndiyo iliyokuwa haisemeki. Lakini mwajiriwa wa kudumu wa idara ya maji alipewa kadi ya matibabu, na kadi ile ilimbeba mwenzi wake pia. Sasa mnaelewa Mita alikuwa anatafuta nini. Wengine walidhani anataka cheo. Cheo gani cha kuinua mifuniko?

Jumatatu moja akanijia anaisukuma baiskeli yake. Gurudumu la nyuma linayumba, spoki sita zimekatika, tairi limepasuka hadi mpira wa ndani unachungulia nje kama kitovu cha mtoto.

"Fundi," akasema, "usinitajie bei kwanza. Nitajie ugonjwa."

Nikamtajia. Rimu imepinda, spoki hazipo, tairi limekufa, breki ya nyuma ni jina tu.

"Sasa mimi ninayo hii." Akafungua kiganja. Kilichokuwamo kingenunua tairi jipya au spoki mpya, kimoja kati ya hivyo, na breki ingebaki inatutazama.

Jirani yangu alikuwa fundi viatu. Mtu huyu ukikohoa yeye anajibu. Akachungulia kile kiganja, akasema, "Mita, kwa hela hiyo nunua kengele, uwe unaipiga huku unatembea kwa miguu."

"Na wewe soli zako unashonea mate?" Mita akamjibu, lakini hakucheka. Akanigeukia mimi. "Kaka, Jumatano saa moja asubuhi lazima iwe inatembea. Hiyo Jumatano ndiyo siku yenyewe."

Akanieleza. Nafasi ya kudumu ilikuwa imetoka moja, na vibarua waliobaki ni wawili, yeye na kijana mmoja mwenye baiskeli mpya. Meneja ameamua kuwapima. Kijana atasoma mita za mtaa wa chini, Mita atasoma za mtaa wa juu, kila mmoja nyumba mia na kumi. Kuanza ni saa moja, na saa sita kamili daftari liwe mezani kwa meneja. Mtaa wa juu nyumba zake zimetawanyika kilimani kama mbegu zilizomwagika. Kwa baiskeli nzima ulihitaji saa tatu na nusu. Kwa miguu usingemaliza hata jua lizame.

Nikaichukua kazi. Rimu niliinyoosha kwa nyundo ya mti. Spoki nilizitoa kwenye gurudumu lililokufa zamani, nikazipunguza urefu moja moja kwa tupa. Tairi nililishonea kipande cha tairi jingine kwa ndani, pale lilipopasuka. Raba za breki nilimwomba Fundi Viatu anikatie kwenye soli nene ya buti, naye akakata vizuri kabisa, kisha akasema mtu wa kwanza kufunga breki kwa kiatu bila kuvaa kiatu ni Mita. Kile alichokuwa nacho kiganjani kikatosha mpira wa ndani mpya, na kikabaki cha chai.

Jumanne alasiri Mita akaijaribu, akazunguka kibanda mara moja, akatabasamu. Alikuwa anakimbilia ofisini kuchukua daftari, nami nilitaka ile gundi ya tairi ikauke usiku kucha. Kwa hiyo akaiacha. Nikaifunga kwenye nguzo, mnyororo, kufuli, ufunguo mfukoni.

Lakini kuna jambo sikumwambia. Nilipokuwa naizungusha ile pedali ya kushoto nilisikia sauti. Tk. Ndogo tu. Unazungusha mara tatu husikii, mara ya nne, tk. Nikajiambia ni vumbi. Ukiwa umechoka kila kitu kinakuwa vumbi.

Jua linakaribia kuzama, namwona mumewe Mita anakuja na fimbo yake, polepole, anasalimiana na kila mtu njiani ili apumzike bila kuonekana anapumzika. Akafika, akaegemea mlango.

"Fundi, mama watoto kanituma. Kasema kesho umfungulie baiskeli mapema, kabla ya saa moja, asije akachelewa."

Ile tk. Nikajua na Mita ameisikia alipozunguka kibanda.

"Kwani ameona nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi najua kopo na brashi. Kasema ifunguliwe."

"Nifungue yote?"

Akacheka mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Sasa Fundi, utafungua nusu? Kufungua nusu ndiyo kukoje?"

"Basi mwambie nitaifungua yote."

"Haya. Na usichelewe kuamka, ndugu yangu. Nyonga hii imekukalia shingoni."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna mtu aliyesema uongo. Sisi mafundi tukisema kufungua baiskeli, maana yake ni kuitoa kila kitu, nati kwa nati, mpaka gololi ya mwisho. Gari ni hivyo hivyo, injini ikifunguliwa imekwisha kulala chini. Nimeishi ndani ya neno hilo tangu nikiwa kijana. Mwenzangu yeye alileta neno la nyumbani, la mlango na kufuli. Mita alijua kwamba mimi huwa nafika kibandani saa tatu, baada ya chai. Alitaka kwa siku hiyo moja nije mapema nitoe kufuli. Basi.

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa pale. Nikatandika gunia. Nikaifungua. Pini za mikono ya pedali zilikuwa zimeshika, nikazigonga kwa nyundo mpaka zikatoka. Nikatoa gololi, kumi na moja kulia, kumi na moja kushoto, nikazitia kwenye kopo la mafuta ya taa. Cheni nikailoweka. Kisha nikaivuta ekseli, kile chuma cha mviringo kinachopita chini ya fremu na kushika mikono ya pedali huku na huku. Nikaipangusa, nikaitega kwenye mwanga wa mlango.

Upande wa kushoto, karibu na pale pini inapokaa, palikuwa na ufa. Mwembamba, mweusi, umezunguka karibu nusu ya chuma. Hiyo ndiyo tk yangu.

Bado nimeishika nikasikia nyayo. Mita alikuja anatembea haraka, daftari limefungwa kwa plastiki mgongoni, ndoano yake mkononi. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Akasimama mlangoni.

"Fundi, baiskeli yangu iko wapi?"

Alikuwa anaitazama. Fremu imeinuliwa miguu juu, magurudumu ukutani, na pale kwenye gunia vyuma vimelala kama samaki.

"Hii hapa. Nimeifungua kama ulivyoagiza."

"Nilisema ufungue kufuli!"

Fundi Viatu alikuwa ndiyo kwanza anapanga kalibu zake za kuundia viatu. Akaziacha, akachungulia. Mita akakaa kwenye sanduku langu la vyombo, mkono mdomoni. Mimi nilitamani ardhi ifunguke, nayo ifunguke yote.

"Ifunge," akasema. "Fundi, ifunge sasa hivi."

"Njoo utazame kwanza." Nikampa ile ekseli. "Pitisha ukucha hapa."

Akapitisha. Alikuwa mtu wa kuona kwa macho yake, sikuhitaji kumweleza mara mbili.

"Itakatika?"

"Inaweza."

"Inaweza, au itakatika?"

"Dada, mimi natengeneza baiskeli, sipigi ramli."

Akaigeuza geuza mkononi. Halafu akaniuliza, taratibu, kama anaisoma namba ndani ya kishimo. "Na kama usingeifungua? Ningekuja, nikaichukua, nikaondoka zangu. Ingefika?"

"Nishikie hapa," nikasema.

Nilichompa ashike ilikuwa baiskeli yangu mwenyewe. Duka la vipuri lilikuwa linafunguliwa saa tatu, na hata kama lingekuwa wazi hatukuwa na cha kulipia ekseli. Iliyokuwepo ilikuwa ya kwangu. Mtaniuliza mbona sikumpa baiskeli nzima. Baiskeli ya fundi mmewahi kuiona? Ya kwangu haikuwa na breki hata moja, nilikuwa naisimamisha kwa kuweka kisigino kwenye tairi. Kiti kilikuwa kimeshikana na fremu kwa kutu, kwa urefu wa miguu yangu, na Mita alikuwa mfupi. Alijaribu kupanda. Vidole vikaning'inia hewani juu ya pedali. Na barabara ya mtaa wa juu ikishuka, inashuka moja kwa moja hadi korongoni.

"Fungua hii," akasema mwenyewe. "Na hapa nasema kufungua kwenu."

Nikafungua. Kwangu pini zilikuwa zimekaa miaka minane bila kuguswa. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ikakataa. Nikagonga, ikakataa. Nikamwaga mafuta ya taa, nikagonga, ikaanza kupinda kichwa. Mita alikuwa ameishika fremu kwa mikono yote miwili, na kila nikipiga nyundo anafumba macho. Fundi Viatu akaja na koleo lake bila kuitwa, akaishika kwa chini.

"Saa ngapi?" Mita akauliza.

"Usiulize," akasema Fundi Viatu.

"Saa ngapi, nimekuuliza."

"Saa mbili kasoro robo."

Pini ikatoka. Nikaitoa ekseli, nikaipima juu ya ile ya kwake. Unene sawa. Urefu, ya kwangu ilizidi kwa unene wa kidole. Nikaona lakini sikuwa na la kufanya. Nikaitia, nikapanga gololi ndani ya grisi. Kumi na moja, kumi. Moja haipo. Tulipiga magoti watu wazima watatu tukilipapasa gunia, mpaka Mita akaiona imejibana kwenye ufa wa sakafu. Akaitoa kwa ncha ya ndoano yake. Nikaanza kufunga. 

Saa tatu kasoro dakika ishirini baiskeli ikasimama.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ekseli imezidi, kwa hiyo cheni inakwenda upande. Kilimani usisimame kwenye pedali. Ukisimama, cheni itaruka."

"Nisiposimama nitapandaje?"

Fundi Viatu akamrushia kitambaa kisafi cha kufutia mikono. Akapanda, akaondoka. Nilisimama njiani nikisikiliza mpaka sauti ya cheni ikapotea. Ile tk haikuwepo. Nilijishika na hilo.

Saa tano nikafunga kibanda, nikatembea hadi ofisi ya maji. Mumewe Mita alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la nje, fimbo katikati ya magoti. Dirisha la meneja lilikuwa wazi, na kutoka pale benchini uliona ukuta wake na saa ya ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi tangu njiani, lakini yeye akaniwahi.

"Amenipitia nyumbani akiwa mbioni. Kaniambia, wewe na Fundi wako mmeniua kwa neno moja." Akajaribu kucheka. "Nusu. Nilikucheka, nikasema utafungua nusu!"

"Kosa ni langu. Ningeuliza zaidi."

"Uliuliza, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyejibu."

Tukakaa. Saa tano na dakika ishirini kijana wa mtaa wa chini akafika, shati limemkauka mwilini, daftari safi. Simsemi vibaya kijana yule, alikuwa na mwandiko mzuri na alitusalimia kwa adabu. Akaingia, akatoka, akakaa mwisho wa benchi. Naye pia akawa anaitazama ile saa.

Saa sita kasoro kumi. Saa sita kasoro tano. Mumewe Mita alisimama, akakaa, akasimama. Barabara ilikuwa tupu, vumbi tu. Mshale mrefu ukafika juu, ukapita. Mshale ukienda polepole vile unadhani unaweza kuushika.

Saa sita na dakika nne Mita akatokea kona ya chini. Hakuwa amepanda. Alikuwa anakimbia, anaisukuma baiskeli, cheni inaburuta vumbini. Akaitupa mlangoni, akaingia. Sisi tukamfuata bila kukaribishwa.

Meneja alilifungua daftari. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akageuza kurasa. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya kidole, nyeusi tii, na karibu na mwisho palikuwa na kiganja kizima.

"Hii nini?"

"Grisi, bwana. Cheni imeruka mara saba."

"Nyumba ngapi?"

"Mia na kumi. Zote."

"Hapa ni tatu au nane?" Akaweka kidole kwenye namba iliyofunikwa na weusi.

"Nane. Nyumba ya pili kutoka kisimani. Elfu moja mia mbili na nane. Niliisoma mara mbili."

"Mimi naona tatu."

"Twende tukaitazame, bwana."

Meneja akaitazama saa. Mimi nikaona nisiponena hapo sitanena tena. "Mzee, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeifungua baiskeli yake asubuhi, kwa kutoelewana. Yeye saa saba kasoro..." nikachanganya saa, nikaanza upya. "Saa moja kasoro dakika kumi alikuwa tayari amesimama pale kwangu."

Meneja hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Fundi, wewe umeomba kazi hapa?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa nje."

Baadaye tukasikia habari za huko kilimani. Watu wa mtaa wa juu, wale wale wa kusema amekuja kusoma dhambi, walipomwona anakimbia na mikono myeusi walitoka. Wakainua mifuniko yao wenyewe kabla hajafika. Wengine wakawa wanamsomea namba kwa mbali, "Mia sita na tisini, dada, andika tu, pita!" Hakuandika. Kila nyumba alipiga goti. Mama mmoja alinihesabia, kwamba kama angekubali kusomewa nyumba ishirini tu za mwisho, angefika kabla ya saa sita. Mama yule alisema kwa uchungu. Mimi nikaikumbuka ile mia nne na kumi na moja ya siku ya mvua.

Ijumaa karatasi ikabandikwa ukutani. Jina lilikuwa la kijana.

Nilidhani hatanisemesha tena. Jumamosi akaja anaisukuma baiskeli, cheni mkononi. "Kaka, irudishe hii ikae sawa. Nitaleta ekseli nikipata." Akaileta baada ya miezi mitatu, na ya kwangu akanirudishia imefungwa kwenye gazeti. Tangu siku ile hakutumia tena lile neno mbele yangu. Akitaka kufuli litoke anasema, "Itoe kwenye nguzo." Akitaka maji anasema, "Nizungushie bomba."

Mumewe alikuja na kopo la rangi nyekundu na kigoda. Akakaa mbele ya kibanda changu siku nzima, nyonga ameinyoosha pembeni, akaandika kwenye mabati kwa herufi zake nzuri: MTEJA, SEMA WAZI, KUFUNGUA KUFULI AU KUFUNGUA BAISKELI? NUSU HATUFUNGUI. Watu walicheka miaka. Naye alicheka nao, kisha akaichukua fimbo yake akaenda nyumbani. Fimbo ile hakuiacha mpaka mwisho.

Mita aliendelea kufufuka na kufa miaka mingine minne, mpaka idara ikawaachisha vibarua wote. Hapo akawa fundi bomba. Hakuna aliyejua mabomba ya mtaa ule kama yeye, kila kishimo alikuwa amekipigia goti. Ukiwa na bomba linavuja unamwita, anakuja na baiskeli ile ile, spana kwenye karia, na kabla hajagusa chochote anaitazama mita yako na kuisoma mara mbili. Mazoea.

Ile ekseli yenye ufa niliihifadhi kwenye kopo la misumari. Kila fundi aliyenitembelea nilimwonyesha. Mmoja aliigonga juu ya jiwe akasikiliza. Mwingine aliinusa, sijui alitafuta nini. Wote waliirudisha koponi wakaniomba chai. Fundi Viatu nilimwuliza mara nyingi mpaka siku moja, yeye mwenye jibu la kila kitu, akaniambia ana kiatu cha mtu kinamsubiri.

Mwaka waliohama, binti yao aliwachukua wakaishi naye, Mita alikuja kuniaga. Nywele zilikuwa zimeshaingia mvi. Tuliongea habari za watoto, habari za mvua. Kisha nikalichukua kopo, nikalipekua, nikamwekea ile ekseli kiganjani.

Akaitambua. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, pale pale niliposimama mimi asubuhi ile, akapitisha ukucha kwenye ufa, upande mmoja hadi mwingine. Akarudia mara ya pili. Nikamwuliza lile alilowahi kuniuliza yeye, nami badala ya kujibu nikampa baiskeli yangu ashike. Akaitia ekseli kwenye mfuko wake, akasema mumewe yuko peke yake kituoni na mizigo, akaenda.

Hivyo hata kipande chenyewe sina tena cha kumwonyesha mtu. Nimebaki na swali tu, na kila ninayekutana naye namwuliza: ningeiacha imefungwa, ingefika?